Gumzo la ukoo: Joel kaapa

Salma: Jamani nimemaliza msimu wa pili wa tamthilia ya The Last of Us. Nimelia mpaka mume wangu kaja kuuliza kuna msiba wapi.

Faraji: We si ulisema huangalii mazombi?

Salma: Siyo mazombi, ni watu walioingiwa na uyoga. Tena uyoga hauna neno, hao wazima ndio wanaomalizana.

Zaituni: Umelia?? Mimi ndio kwanza naingia sehemu ya pili ya huo msimu. Mtu asiniharibie!

Faraji: Dada Zai, kitu kimetoka Aprili 2025.

Zaituni: Nina watoto watatu na rimoti moja. Hebu niambieni kitu kimoja tu. Joel, yule mhusika mkuu, anafika mwisho?

Faraji: Anafika.

Zaituni: Apa.

Faraji: Haki ya nani tena.

Zaituni: Haya. Naenda kusonga ugali. Mtakayoandika hapa sisomi.

Salma: Faraji weee 🙆🏾‍♀️

Faraji: Ningefanyaje? Acha ale kwanza.

Baba Mdogo Hamisi: Habari za jioni wanangu. Naona mnamsema Joel. Mimi msimamo wangu ni uleule tangu 2023, hakukosea.

Salma: Shikamoo baba mdogo. Kaua hospitali nzima!

Baba Mdogo Hamisi: Marahaba. Wanamchukua Ellie, mtoto wa miaka 14 mwenye kinga ya huo uyoga, wanataka kumpasua ubongo eti wapate dawa, wewe uliyemvusha nusu ya Marekani ukae kwenye benchi usubiri maiti? Na mtu mwenyewe alishazika. Ile saa mkononi imevunjika usiku aliouawa bintiye Sarah, miaka 20 anaivaa haisemi saa ngapi. Mimi ningeanzia getini.

Faraji: Baba mdogo getini wewe ungeomba maji kwanza 😂

Idrissa: Salaam kutoka Calgary. Msimu wa kwanza waliupigia huku kwetu Alberta. Mtaa wa Jackson ule wa msimu wa kwanza uko Canmore, ni kama saa moja kwa gari. Nilipeleka watoto, wakakuta watu wanakunywa kahawa tu.

Faraji: Walitaka uyoga?

Idrissa: Mdogo alitaka farasi.

Shangazi Mwajuma: [ujumbe wa sauti, 3:12]

Faraji: Shangazi shikamoo, andika basi, niko kwenye mwendokasi nimebanwa mpaka masikio.

Shangazi Mwajuma: Marahaba. Vidole vinaniuma lakini haya. Nimekaa wodini miaka 31. Mgonjwa haingizwi thieta bila ridhaa, akiwa mtoto mzazi wake anatia sahihi au dole gumba. Wale Fireflies, waasi wanaotafuta dawa, walimchukua binti, wakamvalisha gauni la hospitali, wakamlaza mezani. Hawakumwambia. Marlene kiongozi wao anajisifu kabisa kwamba hawakumtia hofu! Wewe unayetaka kumtoa mtu roho humwambii, halafu unaita huruma? Waliogopa jibu lake.

Baba Mdogo Hamisi: Sasa dada si ndio unaniunga mkono.

Shangazi Mwajuma: Sijamaliza. Na Joel naye akamtoa na gauni lilelile, akamlaza kiti cha nyuma, alipozinduka akamwambia wako wengi wenye kinga kama yeye na madaktari wameshakata tamaa. Naye hakumuuliza.

Baba Mdogo Hamisi: Angeulizwa angekubali kufa. Ndiyo maana hakuulizwa.

Shangazi Mwajuma: Hiyo ndiyo shida yenyewe Hamisi.

Idrissa: Na yule daktari aliyetaka kumpasua, Joel akamuua, naye alikuwa baba wa mtu. Abby ni mwanawe.

Baba Mdogo Hamisi: Abby usinitajie. Tangu alichomfanyia Joel kwa fimbo ya gofu, mchezo huo nimeuchukia bure.

Salma: Mimi hospitali nilishamsamehe. Kilichonikata ni Eugene, sehemu ya sita. Mzee kang'atwa na wenye uyoga, anaomba kitu kimoja tu, arudishwe mjini amwone mkewe Gail kabla hajageuka. Ellie anamhesabisha vidole, anaona muda upo, anabembeleza. Joel anasema sawa, naahidi, nenda kafuate farasi. Binti anakwenda mbio anamwamini. Huku nyuma Joel anampeleka mzee ziwani anampiga risasi.

Faraji: Si kang'atwa lakini? Ukimwingiza mjini ukakosea dakika tano kila mtu kwisha.

Salma: Basi angesema hapana! Kwa nini aahidi?

Idrissa: Kwenye gemu iliyozaa tamthilia Eugene humkuti hai, unasikia tu alikufa kwa kiharusi. Hayo ya ziwani wameyaongeza wenye tamthilia. Makusudi kabisa.

Salma: Makusudi, ndiyo. Maana baadaye barazani Ellie anamwambia, uso uliomwahidi nao Eugene ndio ule ulioniapia mimi. Nikarudi msimu wa kwanza, dakika za mwisho pale mlimani. Anamwambia niapie kwamba uliyosema ya Fireflies ni kweli. Joel anaapa bila hata kupepesa. Kamera inabaki kwa Ellie. Midomo inataka kusema, haisemi, macho yanazunguka uso wa Joel, halafu anasema "haya". Tu.

Baba Mdogo Hamisi: Hapo kwa Eugene, mimi sina la kumtetea.

Faraji: Ohoo! Leo baba mdogo kashuka mlimani.

Shangazi Mwajuma: Hamisi, unakumbuka mama?

Salma: Bibi?

Shangazi Mwajuma: Nyie mlikuwa wadogo. Majibu yalitoka saratani ya tumbo, imeshasambaa. Tukakaa kikao ukumbini, yeye kalala chumbani, tukaafikiana aambiwe vidonda vya tumbo. Usiku wa tatu namgeuza ubavu akaniuliza, Mwajuma, ni vidonda tu? Nikamwambia wallahi mama, vidonda tu. Mimi, na miaka yangu ya wodi. Akaniangalia hivi, muda mrefu. Akasema haya. Akageukia ukutani.

Idrissa: 😔

Salma: Shangazi...

Shangazi Mwajuma: Ile sehemu ya mlimani nimeitazama mara moja. Sirudii.

Baba Mdogo Hamisi: Aliyesema asiambiwe ni mimi.

Baba Mdogo Hamisi: Nilidhani atakata tamaa upesi.

Shangazi Mwajuma: Najua. Na mimi sikukataa.

Idrissa: Alifariki baada ya muda gani shangazi?

Shangazi Mwajuma: Miezi miwili. Kuna dada yake kule Pangani walikuwa hawasemezani. Hakupata kwenda.

Faraji: Nimeshuka kituoni. Naona nikae hapa kidogo.

Zaituni: Watoto wamelala, ujumbe wenu 30 na kitu sijasoma hata mmoja. Naweka sehemu ya pili.

Salma: Dada Zai subiri nikupigie kwanza.

Salma: Dada Zai?

Idrissa: Hapokei?

Salma: Hapokei.

Zaituni: FARAJI

Zaituni: SEHEMU YA PILI?? ULINIAPIA FARAJI, SEHEMU YA PILI???