Tupeane uzoefu: kununua sarafu za kale mtandaoni bila kuzishika mkononi

Mkusanyaji wa Tanga

Wakuu, habari za jioni.

Nimefungua uzi huu kwa sababu watu wanalizwa kwa sarafu na wengi wanakaa kimya. Mtu anaona picha ya rupia ya Mjerumani au pesa ya shaba ya Sultani Barghash wa Unguja, anatuma hela, anapokea kipande cha bati, basi yanaishia hapo. Tapeli yuleyule kesho anabadilisha jina na kuendelea. Tusimulie yaliyotukuta, ya hasara na ya heri, ili anayeanza kukusanya leo apate pa kusoma.

Naanza mimi. Nakusanya rupia za wakati wa Mjerumani. Kuna muuzaji aliniletea picha ya rupia ya mwaka 1910, safi kabisa, Kaizari Wilhelm na kofia yake ya chuma yenye tai juu. Nikamwomba picha ya upande wa pili. Akatuma: simba amesimama mbele ya mti, na mwaka 1910 chini yake. Hapo nikajua. Rupia zenye simba ni zile za Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, zilizoanza 1890 na kukoma 1902. Kuanzia 1904 serikali yenyewe ndiyo iliyotoa sarafu, na upande ule simba hayupo tena: kuna maandishi Deutsch Ostafrika, 1 Rupie, yamezungukwa na matawi. Simba wa 1910 hajawahi kugongwa popote.

Nilipomweleza, hakubisha. Alinitumia picha ya nyingine papo hapo, ya 1906, safari hii pande zote mbili ziko sawa. Nikamwomba jambo moja tu: aiweke kwenye mizani apige picha namba isomeke. Rupia nzima ina gramu 11.66, fedha ya 917 kwa 1000. Iliyochakaa sana inapungua kidogo, inaweza kufika 11.3 hivi. Akasema mizani hana, akasema ameuza nyingi na hakuna aliyelalamika, mwishowe akanifungia mawasiliano.

Tangu hapo utaratibu wangu ni kuuliza uzito kabla ya kuuliza bei. Picha nzuri siku hizi anayo kila mtu, na nyingine ameiokota kwenye tangazo la mnada wa Ulaya.

Bint wa Mkunazini

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mimi nazungumzia riali ya Maria Theresa, maana huku Unguja kila nyumba ya zamani ilikuwa nayo, na sasa vijana wanaziuza mtandaoni kwa bei za kutisha kwa sababu zimeandikwa 1780.

Mwaka huo ndio aliokufa Maria Theresa mwenyewe, malkia wa Austria, na baada ya hapo mwaka haukubadilishwa tena. Wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na pwani zetu walikuwa wameizoea sura ile, wakikataa nyingine. Kwa hiyo ikaendelea kugongwa Vienna, na baadaye Roma, London, Birmingham, Bombay, zote zikiandikwa 1780. Iliyoko mkononi mwako inaweza kuwa ya 1935 au ya juzi. Ni fedha ya kweli, gramu 28 na kidogo, na ina thamani ya fedha yake. Lakini anayekuambia hii ni ya miaka 240 na bei yake ni ya miaka 240, huyo anakudanganya hata kama sarafu si feki.

Nilishampata mmoja wa namna hiyo. Nikamwomba picha ya ukingo. Riali ya kweli ina maandishi ya Kilatini yaliyoinuka pembeni, IUSTITIA ET CLEMENTIA, yamechanganywa na nakshi. Ya kwake ilikuwa na meno meno kama shilingi ya dukani. Muombeni muuzaji ukingo, jamani. Uso wanaigiza wote, ukingo wengi wanausahau.

Mkaazi wa Likoni

Dada hapo juu amesema kweli. Yangu pia haikuwa feki, na bado niliumia.

Niliuziwa senti kumi yenye tundu, ya 1936, ya Afrika Mashariki. Jamaa akanieleza historia tamu: Mfalme Edward wa Nane alikaa kwenye kiti chini ya mwaka mmoja, akajiuzulu Desemba 1936 kwa ajili ya mwanamke, kwa hivyo sarafu zake ni adimu duniani. Historia ni ya kweli kabisa. Uingereza kwenyewe sarafu zake kwa hakika ni adimu mno. Lakini sisi huku tuligongewa nyingi zenye jina lake, kwa sababu senti zetu zilikuwa na tundu na hazikuhitaji picha ya mfalme. Pesa niliyotuma kwa M-Pesa ingenunua mkebe mzima wa senti hizo Marikiti. Nilipouliza kurudishiwa, akajibu nimepata nilichokiona kwenye picha, na kweli nilipata nilichokiona.

Sonara wa Mwanza

Nachangia upande wa kazi yangu.

Sarafu halisi imegongwa: kipande cha fedha kinawekwa kati ya mihuri miwili, kinapigwa kwa nguvu nyingi. Herufi zinatoka na pembe kali, na uwanja kati ya picha na ukingo unakuwa laini. Feki nyingi za bei rahisi zimemiminwa kwenye kalibu. Ukizitazama kwa lenzi ya sonara utaona vishimo vidogo kama ngozi ya mtu aliyeugua ndui, herufi zimevimba, na pembeni kuna mstari mwembamba pale kalibu mbili zilipokutana. Mara nyingi wameupiga tupa, ukaacha mikwaruzo. Feki za hali ya juu nazo zinagongwa kwa mashine, kwa hiyo ukikosa mstari usishangilie bado.

Sumaku ni ya kuanzia tu. Fedha haishiki sumaku, ikishika itupe. Ila mchanganyiko wa shaba na nikeli nao unaweza usishike.

Kipimo ninachokiamini ni maji, na mtu anaweza kukifanya nyumbani akiwa na mizani ndogo ya kupimia dhahabu. Pima rupia yako kavu. Kisha weka glasi ya maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba, ining'inize izame yote bila kugusa chini wala pembeni. Mizani itaonyesha namba ndogo. Rupia ya gramu 11.66 ya fedha inapaswa kuonyesha karibu 1.1. Mchanganyiko wa shaba na nikeli wa uzito uleule utaonyesha karibu 1.3. Tofauti hiyo mtu hawezi kuificha kwa kupaka rangi.

Na muuzaji asipokubali sarafu irudishwe baada ya kupimwa, mimi namshauri mteja wangu aachane naye, hata bei iwe nusu.

Mswahili wa Hamburg

Wakuu, huku Ujerumani sarafu za kwetu ni nyingi kuliko huko nyumbani, na ndiyo maana wengi mnanunua kutoka huku. Mimi nilitafuta kwa muda mrefu rupia 15 za dhahabu za Tabora.

Kwa wasiozijua: mwaka 1916 Wajerumani walikuwa wamezungukwa na vita, meli haziingii. Wakagonga sarafu wenyewe katika karakana ya reli Tabora, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Upande mmoja tai, upande mwingine tembo akiwa mbele ya mlima. Ziligongwa elfu kumi na sita na ushee tu, kabla Wabelgiji hawajaingia Tabora mwezi Septemba mwaka huohuo. Kitu cha namna hiyo lazima kitaigizwa, na kimeigizwa sana.

Niliipata moja kwenye eBay, ipo ndani ya kasha la plastiki la kampuni ya kuthibitisha sarafu, na namba yake. Nikaingiza namba ile kwenye tovuti ya kampuni: ipo, tembo wa Tabora, daraja la ubora lilelile. Mtu angelipa hapohapo. Lakini tovuti ilikuwa na picha ya sarafu halisi, nikazilinganisha taratibu. Kwenye picha ya kampuni kulikuwa na mkwaruzo juu ya sikio la tembo. Ya muuzaji haikuwa nao. Mkwaruzo haufutiki ndani ya kasha lililofungwa. Yaani kasha ni feki, namba imenakiliwa kutoka kwa sarafu ya mtu mwingine.

Uzito wake halisi ni gramu 7.17 hivi. Shaba ya njano iliyopakwa dhahabu, kwa ukubwa na unene uleule, inakuja kidogo tu juu ya nusu ya hapo. Ndani ya kasha huwezi kuipima, na ndiyo sababu wanaifungia humo.

Jingine: muuzaji akikuomba mtoke nje ya tovuti ili "tuepuke makato", au umlipe kwa PayPal kama ndugu na rafiki, kataa. Ulinzi wa mnunuzi unakoma hapo. Nilimripoti yule, tangazo likaondolewa.

Kijana wa Nyamagana

Mimi nilitumiwa video ya rupia "inayovuta mchele", punje zinasogea zenyewe. Bei milioni kadhaa, mnunuzi Mwarabu eti yuko tayari, nitangulize tu ya kuishikilia. Sikutuma. Sonara hapo juu ameshasema fedha haishiki hata sumaku, sembuse kuvuta mchele.

Mtu wa Lindi

Naomba niongeze ambalo halijaguswa. Kuna watu wanauza sarafu za Kilwa mtandaoni, zile ndogo za shaba zenye majina ya masultani, kama Ali bin al-Hasan. Nyingine ni feki. Zilizo za kweli zina tatizo kubwa zaidi: Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863, na kuvitoa nje ya nchi kunahitaji kibali. Anayeziuza bila karatasi amezichimba usiku kwenye magofu ya wazee wetu. Inaniuma, kwa sababu ikishang'olewa kwenye udongo wake hakuna mtaalamu atakayejua ilikuwa chini ya nyumba gani wala ya zama zipi. Sarafu za Kilwa ziliokotwa hadi visiwa vya Wessel, kaskazini ya Australia, mwaka 1944, na mpaka leo watu wanajadiliana zilifikaje. Tusizinunue kabisa.

Ami wa Maskat

Ahsanteni. Nina swali. Nimeletewa pesa ya Barghash ya 1299 Hijria, yenye mizani upande mmoja, inang'aa nyekundu kama mpya. Muuzaji anasema ni adimu.

Bint wa Mkunazini

Ami, hizo si adimu, zililetwa nyingi mno. Na shaba ya tangu 1882 inayong'aa namna hiyo aghlabu imesuguliwa kwa ndimu na majivu. Mwambie aipige picha juani, aiinamishe kidogo kidogo. Ukiona mikwaruzo midogo yote imeelekea upande mmoja, imesuguliwa, na mkusanyaji yeyote atakukata bei siku ukiiuza.

Ami wa Maskat

Ametuma picha ya juani. Mikwaruzo ipo, yote imelala upande mmoja. Nimemrudishia bei ya pesa ya kawaida iliyosuguliwa, na nimemwomba uzito. Nasubiri, nitarudi kuwaambia.