Mtoto ana Down syndrome, damu imekutwa na chembe changa. Kweli tusubiri tu?

Mama Nuru: Habari zenu wanajamvi. Nimejifungua binti, yuko wiki ya pili. Ana Down syndrome, hilo mimi na baba yake tumelipokea. Kinachotuchanganya ni damu. Chembe nyeupe ziko juu mno, na kwenye hadubini wamekuta chembe changa zinazofanana na za saratani ya damu. Halafu daktari huyohuyo anasema hatuanzi dawa, turudi wiki ijayo kupima tena. Mama mkwe anasema tumetelekezwa, anataka tumpe mtoto dawa za miti shamba. Naombeni ushauri, usingizi sipati.

Bi Tausi: Hongera ya uzazi mdogo wangu. Wa kwangu alikuwa hivyohivyo. Hakupewa dawa, chembe zikaisha zenyewe. Sasa yuko darasa la kwanza.

Tabibu wa Watoto: Mama Nuru, hujatelekezwa. Hali hii ya chembe changa huwapata takriban mtoto 1 kati ya 10 wanaozaliwa na Down syndrome. Huanza tumboni, wakati damu ya mtoto bado inatengenezwa kwenye ini: jeni (kipande cha maelekezo ya urithi) iitwayo GATA1 hubadilika ndani ya chembe ambazo tayari zina kromosomu ya 21 ya ziada, ile inayoleta Down syndrome. Hukusababisha wewe. Wengi hupona bila dawa ndani ya miezi 3. Wanaozidiwa, hasa ini likiharibika au maji yakijaa mwilini, hupewa dawa ya saratani iitwayo sitarabini (cytarabine) kwa dozi ndogo. Kwa hiyo tumbo likivimba, manjano ya macho au ngozi yakizidi, akipumua kwa shida au akitoka madoa ya damu kwenye ngozi, usingoje wiki ijayo. Nenda usiku huohuo.

Ninachokusihi zaidi ni kliniki za baadaye. Karibu mtoto 1 kati ya 5 huja kupata saratani ya damu yenyewe kabla ya miaka 4, hata kama damu ilishasafika. Akifuatiliwa hugundulika mapema, na watoto hawa huitikia matibabu yake vizuri sana.

Baba Imani: Shemeji, miti shamba hapana. Ini la kichanga halihimili. Nenda kliniki na mama mkwe, amsikie daktari mwenyewe.

Mama Nuru: Asanteni sana. Nitakwenda naye. Tabibu, manjano yapo kidogo machoni, ila ananyonya vizuri.

Tabibu wa Watoto: Mpeleke kesho asubuhi waangalie hayo manjano na ini. Na kama hajapigwa eko ya moyo (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti), iombe hapohapo. Karibu nusu yao huzaliwa na hitilafu ya moyo.