Gitaa la umeme bila kuchomekwa linalia kinyonge, ala ya udi inajaza nyumba. Kwa nini?

SoloMtaani:
Wakuu, nisaidieni. Napiga gitaa la umeme kwenye bendi, na nyumbani nafanya mazoezi bila kulichomeka. Aliye chumba cha pili hasikii kitu. Jirani yangu ana udi, nyuzi zake nyembamba ni nailoni tu, lakini akizigusa kwa risha, kile kipande cha kupigia nyuzi, ukuta mzima unajua. Mimi nina nyuzi za chuma zilizokazwa kisawasawa! Hilo tumbo la udi linaongeza nguvu kutoka wapi?

FundiUdi:
Haliongezi hata chembe, ndugu yangu. Nguvu yote imetoka kwenye mkono wa jirani yako. Tofauti ni inakokwenda.

Uzi ni mwembamba mno. Ukienda huku na huku hewa inaukwepa tu, kama mtu anayepepea jiko la mkaa kwa njiti ya kiberiti. Kwenye udi, nyuzi zimefungwa kwenye daraja, na daraja limegundishwa juu ya uso wa mbao wenye unene wa milimita 2 au chini yake. Uzi unalivuta daraja, daraja linautikisa uso, na uso ndio unaosukuma hewa. Hewa ya tumboni nayo inaingia na kutoka matunduni, inazipa nguvu sauti nzito.

Gitaa lako ni gogo. Daraja limekaa juu ya mbao nene isiyotikisika kirahisi, kwa hiyo nguvu inabaki kwenye uzi. Pigeni noti moja wote wawili, msikilize: wako utaendelea kulia wakati udi umeshanyamaza zamani. Udi unamwaga kila kitu kwa mkupuo.

Ndiyo maana nagombana na wateja wanaotaka uso upakwe vanishi nzito, eti ung'ae kwenye picha. Vanishi nene ni mzigo juu ya mbao inayotakiwa kutikisika.

Leo egemeza kichwa cha gitaa kwenye mlango wa kabati, kisha piga.

SoloMtaani:
Duh! Kabati limeimba, mke wangu katoka jikoni kuuliza ni nini. Swali jingine: urefu wa nyuzi zangu ni uleule, mbona sauti ziko mbali hivyo?

MwalimuWaSayansi:
Uzito, mkuu. Noti ya mi ya chini, ya uzi wako mnene kuliko wote, inatetema mara 82 hivi kwa sekunde, mi ya juu, ya uzi mwembamba kuliko wote, karibu mara 330, yaani mara nne zaidi. Kwa urefu na mkazo uleule, uzi wa mi ya chini ungehitaji uzito mara 16 ya ule wa mi ya juu. Waya mmoja mnene namna hiyo ungekuwa mgumu kama fimbo na sauti yake ingepotoka, ndiyo maana wanachukua waya mwembamba na kuuzungushia mwingine.

SoloMtaani:
Nimeelewa. Sasa fundi, nikilichimba gitaa langu ndani liwe na tumbo?

FundiUdi:
Usithubutu! Siku ukilichomeka na kuweka sauti kubwa, spika itautikisa uso, uso utazitikisa nyuzi, sumaku zilizo chini yake zitazisikia na kuzirudisha kwenye spika, na mzunguko hauishi. Utapata mluzi wa kutoboa masikio katikati ya harusi ya watu. Gogo liliwekwa makusudi. Kwa mazoezi ya nyumbani tafuta gitaa la boksi, lile lenye tumbo.