Mapenzi ya kusoma hugeukaje kuwa hitaji la kila siku?

Mpekuzi aliuliza:
Ndugu wanajukwaa, wako watu ambao siku ikipita bila kusoma hata ukurasa mmoja huiona siku hiyo kuwa imepungua. Mimi pia napenda vitabu, tena kwa dhati, lakini mapenzi hayo hayajaingia katika maisha yangu ya kawaida: majuma hupita nikisoma ujumbe wa simu na nyaraka za kazini tu, kisha napata riwaya nzuri, naimaliza kwa pupa, halafu narudi kulekule. Nimejaribu kujiwekea lengo la idadi ya vitabu kwa mwaka, nikajikuta nasoma huku jicho likiwa kwenye namba ya ukurasa. Je, jambo hili ni la nidhamu, au kuna siri nyingine?

Mzee wa Rafu:
Ndugu Mpekuzi, lengo la idadi humfundisha mtu kuchagua vitabu vyembamba na kuvumilia vinavyomchosha. Nidhamu ya kwanza ya msomaji, kwa maoni yangu, ni kujua kuacha. Daniel Pennac, mwandishi wa Ufaransa aliyekuwa pia mwalimu, aliorodhesha haki kumi za msomaji mwaka 1992. Ya kwanza ni haki ya kutosoma, zikifuatiwa na haki ya kuruka kurasa na haki ya kutomaliza kitabu. Wako wanaoichukulia orodha hiyo kama mzaha, lakini mimi naiona ni busara tupu. Kitabu kilichokukwama katikati na kubaki kando ya kitanda huvizuia vingine vyote, kwa sababu kila usiku ukikitazama unajiona mdaiwa, na mdaiwa hukimbilia simu. Kirudishe kabatini, uchukue kingine, na usimwombe mtu radhi.

Herufi Ndogo:
Naunga mkono, ila tusiusahau mwili. Maandishi yana umri wa takriban miaka 5,000 tu, kwa hiyo hakuna anayezaliwa na sehemu ya ubongo iliyoumbwa kwa ajili ya kusoma. Mtoto anapojifunza, ubongo huazima maeneo ambayo kazi yake ilikuwa kutambua sura na maumbo ya vitu. Jicho nalo haliteremki na mstari kama maji, bali huruka na kutua, na kila mtuo huchukua takriban robo ya sekunde. Msomaji aliyezoea hutua mara chache na hurudi nyuma mara chache, hivyo akili yake hupata nafasi ya kufuata hoja badala ya kuhangaika na maneno. Mwaka 1986 mwanasaikolojia Keith Stanovich alieleza jinsi anayesoma vizuri anavyosoma zaidi, akaongeza msamiati, na msamiati huo ukamrahisishia kitabu kinachofuata. Sidhani kwamba mtu mzima husahau kusoma kwa majuma machache. Kinacholegea ni ule ustahimilivu wa kukaa na sentensi ndefu, na huo hulindwa na kurasa chache za kila siku kuliko riwaya nzima ya mara moja moja.

Kalamu Nyeusi:
Mimi napinga kidogo. Mpekuzi ameziweka nyaraka za kazini nje ya kusoma, na nadhani tatizo limeanzia hapo. Kusoma huwa hitaji pale mtu anapoona kwamba kunamwokoa. Chukua mkataba wa pango: kifungu kinachomruhusu mwenye nyumba kupandisha kodi hakiandikwi kwa herufi kubwa, bali hujificha katikati ya aya ndefu inayoanza na maneno "bila kuathiri masharti yaliyotangulia". Aliyezoea riwaya, ambaye amefunzwa kumtilia shaka msimulizi, hataivuka aya hiyo kabla ya kurudi juu kuuliza ni masharti yapi. Ndivyo ilivyo pia kwa maelezo ya dawa na kwa barua ya mtu anayeomba msamaha bila kutaja alichokosea. Hadithi humzoeza mtu kuliona lililoachwa bila kusemwa, na hilo halina likizo.

Mpekuzi:
Nashukuru sana. Hoja ya Kalamu sikuitarajia. Niongeze swali dogo: ninapokuwa safarini husikiliza vitabu vilivyorekodiwa. Je, huko nako ni kusoma?

Mzee wa Rafu:
Kwa hadithi, ndiyo. Zamani kusoma kwa sauti kulikuwa jambo la kawaida, hata katika karne ya 4 Agostino, mwanateolojia wa Kikristo, akaona inafaa kuandika kwamba Askofu Ambrose alisoma kimya, macho yakipita juu ya kurasa na ulimi umetulia. Simulizi haipotezi heshima kwa kupitia sikioni.

Kalamu Nyeusi:
Nakubali kwa hadithi. Kwa mkataba, hapana: sauti husonga mbele kwa mwendo wake, na aya niliyoitaja huhitaji jicho linaloweza kusimama na kurudi juu.