Naomba ushauri: kaka hataki kupimwa utumbo mpana

Habari zenu ndugu zangu. Baba alifariki kwa saratani ya utumbo mpana akiwa na miaka 46. Shangazi, dada yake wa tumbo moja, alipata ya mji wa mimba. Mwaka jana nilipimwa vinasaba, nikakutwa na hitilafu kwenye jeni ya MLH1, yaani sindromu ya Lynch, hali ya kurithi inayoongeza sana hatari ya saratani kama hizo. Mzazi akiwa nayo, kila mtoto ana uwezekano wa 50% kuirithi, wa kike kwa wa kiume.

Sasa kila mwaka naingiziwa kamera kwa njia ya haja kubwa kuangalia utumbo mpana. Kipimo chenyewe si kitu, unasinzishwa. Kazi ipo usiku wa kuamkia: madumu ya dawa ya kusafisha tumbo, na safari za chooni mpaka kitoke kimaji cha njano tupu. Mara ya kwanza tu walikikata kinyama kimoja, kabla hakijageuka saratani.

Kaka yangu ana miaka 39. Anaona damu kwenye choo, anasema ni bawasiri, anakunywa mitishamba. Nikitaja kamera anang'aka kwamba mwanaume haingiziwi kitu huko. Wifi ananipigia usiku akilia. Mama naye ananikataza, eti naita msiba nyumbani.

Mliowahi kumshawishi ndugu mbishi, mlianzia wapi? Nimtumie baba mdogo, au daktari aongee naye? Na je, bima zenu zililipia kipimo hiki? Naogopa kumpoteza.