Tupeane uzoefu: komedi ya jukwaani kuhusu wanawake wanaopenda wanawake, inachekesha wapi na inaharibika wapi?

PaziaJekundu: Wakuu, kuna uzi wa vichekesho vya jukwaani humu, kurasa tatu nzima zimejaa wanaume watupu. Nikakumbuka WOW Café, ukumbi wa maonyesho wa wanawake ulioko New York, mtaa wa East Village. Ilitokana na tamasha la Women's One World la Oktoba 1980. Waigizaji Lois Weaver na Peggy Shaw walikuwa wamezunguka matamasha ya wanawake Ulaya, wakaona kwao hakuna. Mwaka 1982 wakapata fremu ya duka East 11th Street, baadaye wakahamia East 4th, floo ya nne kwa hesabu ya Marekani. Hakuna mkurugenzi. Ukitaka siku zako za jukwaa, unafanya kwanza kazi kwenye maonyesho ya wenzio: taa, mlangoni, kufagia. Komedi zao nyingi zinahusu nani ni wa kwetu na nani bado mgeni, na naamini utaratibu huo ndio uliozizaa. Mafundi, leteni mnayoyajua.

MamaTaa: Umenigusa. Naanza na pabaya kuliko pote: tukio la mkutano ambalo kila mtu kaja na sahani yake ya chakula. Kila komedi ya jamii hii inalo, na ndilo linaloua onyesho.

Waandishi wanaweka viti 7 vya duara kwa sababu mikutano ya kweli hukaa hivyo. Watazamaji wanaona migongo minne. Vunja duara liwe mwezi mchanga, pembe zielekee ukumbini, na vimo vitofautiane: wawili kwenye mkeka mbele, watatu kwenye viti, wawili kwenye stuli ndefu nyuma. Mgeni umwache asimame mlangoni. Kila swali analouliza ni swali la mtazamaji, kwa hiyo huhitaji maelezo marefu ya nani ni nani.

Kisha chakula. Krispi hapana, chenga zinakaba koo na sauti inapotea. Mkate uliotolewa gamba, ndizi, tikiti lililokatwa vipande vya kumezwa mara moja. Mvinyo ni juisi ya zabibu iliyotiwa maji nusu kwa nusu, maana juisi tupu inanata mdomoni na maneno yanateleza. Anayetafuna asiwe na mstari ndani ya mistari mitatu inayofuata. Liandikeni hilo kwenye skripti kabisa, msilitegemee kichwani.

Na utani wa kila mtu kuwa mpenzi wa zamani wa mwenzake: mtazamaji anabeba nyuzi tatu, ya nne anapotea. Msizieleze kwa hotuba. Tumieni koti moja. Huyu kalivaa, yule analitambua, wa tatu anatoa ufunguo wake mfukoni. Ukumbi umeshaelewa na hakuna aliyefungua mdomo.

Kibanio: Koti! Naunga mkono.

UkutaWaNne: Mkiandika kwa Kiswahili msitumie neno "msagaji". Mtazamaji atalichekea neno, hali yenyewe hataiona.

StuliNdefu: Napinga. Mhusika mwenyewe akilitamka mara tatu, mara ya kwanza ukumbi unashtuka, ya pili unacheka, ya tatu limekuwa jina lake.

UkutaWaNne: Ukumbi upi huo, dada? Kwa kwetu pwani ile mara ya kwanza tu watu wamenyanyuka. "Wanawake wanaopendana" linatosha.

StuliNdefu: Maneno mawili marefu yanaua mapigo ya utani. Komedi inataka silabi chache. Holly Hughes, mwandishi wa tamthilia pale WOW, alilichukua jina la riwaya ya huzuni ya 1928 akalipindua kuwa kichekesho cha upelelezi, na hakutafuta maneno ya adabu.

GizaLaNyuma: Mmemtaja Holly Hughes halafu mnapita? 1990 jopo la wasanii lilimpitisha kupata ruzuku ya mfuko wa taifa wa sanaa wa Marekani. Mwenyekiti wa mfuko akamnyima, yeye na wasanii wenzake Karen Finley, Tim Miller na John Fleck. Wakaitwa "wanne" hadi leo. Wakaenda mahakamani. 1993 wakalipwa kiasi cha ruzuku zao, ila bunge lilikuwa limeshaweka kipengele cha "staha" kwenye sheria. Wakakipinga hadi Mahakama ya Juu, 1998 wakashindwa kwa kura 8 dhidi ya 1.

Kibanio: Aisee! Nane kwa moja?

Mswaki: Kenya nako filamu ya Rafiki, ya wasichana wawili wanaopendana, ilipigwa marufuku 2018, Mahakama Kuu ikaifungulia siku 7 tu Septemba ile.

PaziaJekundu: Hiyo ni filamu ndugu, turudi jukwaani.

GizaLaNyuma: Ndiyo jukwaa lenyewe hilo. Anayesubiri ruzuku asubiri na masharti yake. WOW walilipa kodi kwa sherehe za mavazi, watu wanalipa kiingilio. Fanyeni hivyo.

MamaTaa: Sherehe nzuri, ila marafiki waliokuja kwenye sherehe msiwatumie kupima utani. Wanacheka kabla hujamaliza sentensi. Leteni wageni 15 mazoezi ya mwisho.

StuliNdefu: Hapana, leteni marafiki. Mgeni hacheki kwa sababu anaogopa kuonekana anadhihaki. Anasubiri wenyewe wacheke ndipo ajue ameruhusiwa. Changanya, marafiki wakae safu za katikati.

Kibanio: Na kubadili nguo? Kundi la wanawake la Five Lesbian Brothers walikuwa watano wakicheza watu wote, wanaume wakiwemo.

MamaTaa: Shati liwe limeshonewa vifungo vya uongo mbele, ndani velkro, ule utepe wa kunatana. Suruali ya kiuno cha lastiki juu ya vazi la pili. Viatu visivyo na kamba. Mtu mmoja wa kuvalisha kwa kila waigizaji wawili, tochi ya buluu, nguo zimepangwa sakafuni kwa mpangilio wa kuvaa. Chini ya sekunde 20 badili koti na kofia tu, mwendo ufanye kazi iliyobaki. Na velkro inapasuka kwa kelele, kwa hiyo ivuliwe kicheko kikiwa juu. Anayebaki jukwaani asiingie na mstari wake hadi kicheko kibaki kama robo.

UkutaWaNne: Na kicheko kisipokuja?

MamaTaa: Mpe mstari wa akiba wa maneno kumi, na autamke akiutazama mlango.