Mguu wa bandia unacheza, naombeni ushauri
Habari zenu wakuu. Nilikatwa mguu chini ya goti miezi 9 iliyopita baada ya ajali ya bodaboda. Naishi Mbagala. Mguu wa bandia ninao, ila kigutu (kipande cha mguu kilichobaki) kimepungua, sasa unacheza na kunichubua. Nimeongeza soksi za kuvalisha kigutu hadi 3, jioni bado natokwa damu.

Nilikotibiwa wanasema nimeshapona kwa kuwa kidonda kimefunga. Kwangu kupona ni kupanda daladala mwenyewe na kurudi gengeni kwangu, siyo kushinda kibarazani.

Mliopitia hili, soksi zikifika ngapi ndipo mnatengenezewa upya sehemu ya kuingizia kigutu? Na usiku vidole vinaniwasha (vidole vyenyewe vilishazikwa!), mnavituliza vipi?